Kamituga: Koko anayepika pomadi ya choa kwa majani ya porini, na wateja anaowarudisha

Katika mji wa Kamituga, wilayani Mwenga, jimbo la Kivu Kusini, mama mmoja aliyepita miaka 60 anatengeneza nyumbani kwake pomadi ya choa kwa majani ya porini, mafuta ya ngazi na nta ya nyuki. Wateja wake, wengi wao wachimbaji wa dhahabu na wake zao, wanamwita Koko. Wanamjua kwa sababu pomadi yake inaponya na bei yake haiumizi mfuko. Tangu ugonjwa wa Mpox ulipoingia mjini, wanamjua pia kwa sababu nyingine: si kila anayekuja na pesa mkononi anaondoka na pomadi.

Asubuhi moja ya mwaka 2024, mama kijana alifika kwenye uwanja wake akiwa na mtoto mgongoni. Aliomba kichupa kimoja, akaeleza kwamba mtoto ametoka vipele tangu juzi. Koko hakufungua sanduku la dawa. Alimwomba amteremshe mtoto, akamshika paji la uso, akatazama viganja vya mikono na nyayo. Mtoto alikuwa na joto, na vipele vilikuwa mpaka kwenye viganja. Koko akasema hapana, hii si ya pomadi, mpeleke hospitali leo hii.

Mama yule alikasirika. Alikuwa ametembea saa nzima, na pesa alikuwa nazo. Majirani waliokuwa wanasubiri nao walinung'unika kwamba Koko amekuwa na kiburi. Siku hiyo, wateja watatu waliondoka bila kununua kitu.

Kwa mama anayelipa karo za wajukuu kwa pomadi, wateja watatu si jambo dogo. Lakini Kamituga ya mwaka huo ilikuwa na sababu ya kuogopa vipele.

Mji uliojifunza kutazama ngozi

Kamituga iko kwenye barabara ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu kuelekea Kasongo. Ni mji wa dhahabu. Watu wanaingia na kutoka kila siku, wanalala wengi katika nyumba moja, wanafanya kazi katika mashimo yenye maji na matope, na nguo zinakauka mwilini. Katika hali hiyo, magonjwa ya ngozi hayakosekani. Choa inashika kwenye mapaja, kiunoni na katikati ya vidole vya miguu. Upele unatoka kwa mtu mmoja na kufikia nyumba nzima.

Kuanzia Septemba 2023, mji huo ulianza kupokea wagonjwa wa Mpox, na wataalamu wakagundua aina mpya ya kirusi hicho, inayoitwa Ib. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza Mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Hospitali kuu ya rufaa ya Kamituga ilikuwa na sehemu maalum ya kutunza wagonjwa hao.

Mpox si ugonjwa mgeni kwa Kongo. Mgonjwa wa kwanza kujulikana duniani alipatikana katika nchi hii mwaka 1970, katika jimbo la Équateur. Kwa wakaaji wa Kamituga, hata hivyo, jambo jipya lilikuwa kwamba ugonjwa unapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa nguo, kwa mashuka, na kwa kitu chochote ambacho kidole cha mgonjwa kimegusa. Kopo la pomadi ni kimojawapo cha vitu hivyo.

Ndiyo maana Koko aliacha desturi aliyorithi kwa mama mkwe wake. Zamani, kopo kubwa la pomadi lilikaa mlangoni, kila mtu akachovya kidole na kujipaka. Leo kila mteja anapewa kichupa chake kidogo na kijiti kisafi cha kuchotea. Kichupa hakiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Mti wenye maua kama mishumaa

Majani yanayofanya kazi katika pomadi hii yanatoka kwenye mti mfupi unaoota kando ya njia, mashamba yaliyoachwa na sehemu zenye unyevu. Wataalamu wanauita Senna alata. Wanaosema Kifaransa wanauita dartrier, yaani mti wa choa, na jina hilo peke yake linaeleza kazi yake. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini umekaa Afrika ya kati muda mrefu kiasi kwamba watu wengi wanadhani ni mti wa babu zao.

Ndani ya majani yake kuna kemikali za kundi la antrakinoni, kati yake reini na krisofanoli, zinazozuia ukungu unaoleta choa. Wizara ya afya ya Ufilipino iliuweka mti huu katika orodha ya mimea 10 ya dawa iliyoikubali mwaka 1992, kwa matumizi ya magonjwa ya ukungu wa ngozi.

Kuutambua kunahitaji macho matulivu. Jani moja lina vijani vikubwa vilivyopangwa viwili viwili kwenye ubavu mrefu, na vinajikunja usiku. Maua ni ya manjano, yamesimama wima kama mishumaa. Tunda lake ndilo alama ya uhakika: ni ganda refu lenye mabawa manne yanayokimbia toka mwanzo hadi mwisho.

Alama hiyo ina maana, kwa sababu katika Kivu kuna ndugu yake anayefanana naye, Senna didymobotrya. Huyo pia ana maua ya manjano yaliyosimama, lakini machipukizi ya juu ya ua ni meusi, na ganda lake ni bapa, halina mabawa. Si mti wa kuchezea. Koko anasema wasichana anaowafundisha hawaruhusiwi kuchuma mpaka wamletee kwanza ganda mkononi.

Mwenye mashaka anaweza kupeleka tawi lenye jani, ua na tunda kwa wataalamu wa mimea. Kituo cha utafiti cha CRSN Lwiro, wilayani Kabare, kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa ambayo inasaidia kulinganisha.

Kuna jambo moja zaidi la Kamituga: mahali pa kuchuma. Wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukamata dhahabu, na maji machafu ya kuoshea mchanga yanaishia mitoni. Kwa hiyo Koko hachumi kando ya mito inayooshewa dhahabu, hata kama mti umenawiri vipi. Amepanda miti yake sita nyuma ya nyumba kwa mbegu. Mti huu unakua haraka.

Adui wa kwanza ni maji

Watu wengi wanaojaribu kutengeneza pomadi nyumbani wanaanza kwa kosa moja: wanatwanga majani mabichi na kuyatia katika mafuta. Baada ya wiki mbili, mafuta yananuka na juu yake panaota ukungu. Maji yaliyokuwa ndani ya jani ndiyo yaliyoharibu kazi. Mtu anajipaka ukungu huku akijitibu ukungu.

Koko anakausha majani kivulini, juu ya mkeka ulioinuliwa kutoka chini, hewa ikipita pande zote. Jua kali linapunguza nguvu ya jani. Kamituga ni mji wa mvua, kwa hiyo kukausha kunaweza kuchukua siku nyingi kuliko sehemu nyingine, na majani yanageuzwa kila asubuhi. Jani liko tayari likivunjika kwa sauti mkononi. Likipinda tu, bado.

Majani makavu yanatwangwa na kuchekechwa. Kisha vipimo. Kanuni anayoifuata ni ile inayofundishwa na anamed, shirika la dawa za asili ambalo mizizi yake iko Kongo. Mfamasia Mjerumani Hans-Martin Hirt na mwenzake Mkongo Bindanda M'Pia waliandika pamoja kitabu kuhusu dawa za asili za nchi za joto ambacho kinatumiwa na wauguzi wengi. Kanuni yenyewe ni rahisi kukumbuka: sehemu 1 ya unga wa majani kwa sehemu 10 za mafuta, kisha sehemu 1 ya nta.

Kwa hiyo gramu 500 za mafuta zinahitaji gramu 50 za unga na gramu 50 za nta. Na mizani? Katika mji wa dhahabu mizani haikosekani. Mtoto wa dada yake ananunua dhahabu, na mizani yake inapima hadi sehemu ndogo ya gramu. Koko anaweka unga katika karatasi yake mwenyewe kabla ya kuupima, kwa sababu sahani ya mizani ile inashikwa kila siku na mikono iliyogusa zebaki. Baada ya kupima mara kadhaa, alichora alama kwenye kopo la nyanya, na sasa kopo ndilo linampimia.

Mafuta anayopenda ni yale ya mbegu ya ngazi, ambayo hayana rangi nyingi. Mawese mekundu yanafaa pia, lakini yanapaka shati na shuka, na mgonjwa anayeharibu shati hamalizi dawa.

Saa moja juu ya mbabula

Sufuria ndogo yenye mafuta na unga inakaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka. Sufuria ndogo haigusi moto. Maji yanapunguza ukali, na mafuta yanapata joto bila kuungua. Hapo inakaa dakika 60 juu ya mbabula ya makala, ikikorogwa kwa kijiko kikavu. Wanaokaanga majani moja kwa moja motoni wanapata mafuta meusi yenye harufu ya moshi, na dawa imekwisha kufa.

Sufuria ya ndani inafunikwa vizuri ili mvuke usidondokee mafuta. Baada ya saa moja, mafuta yanachujwa kwa kitambaa safi cha pamba, yanakamuliwa, kisha yanarudishwa juu ya maji ya moto pamoja na nta iliyokatwa vipande vidogo. Nta ikiyeyuka yote, Koko anadondosha tone moja kwenye sahani baridi. Tone likibaki laini kupita kiasi, anaongeza nta kidogo. Likiwa gumu kama mshumaa, anaongeza mafuta.

Vichupa vimechemshwa na kukaushwa kabisa. Tone moja la maji chini ya kichupa linatosha kuharibu chote. Kila kichupa kinapata kikaratasi: jina la dawa, tarehe ya kutengenezwa, na neno moja kubwa, KUPAKA. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayeandika. Neno hilo lina sababu. Majani ya Senna alata yakinywewa yanaharisha kwa nguvu, na ni hatari kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto.

Baada ya miezi sita, kichupa ambacho hakijauzwa kinamwagwa. Kikinuka kabla ya hapo, kinamwagwa mapema.

Jinsi ya kuitumia, na ni ya nani

Pomadi ni ya choa ya mwilini: alama ya mviringo yenye ukingo ulioinuka na magamba, inayowasha, katikati ikiwa kama imepona. Mteja mpya anapaka kidogo kwanza upande wa ndani wa mkono na kungoja siku moja. Ngozi ikiwaka au kuvimba, anaacha.

Kama hakuna shida, anaosha sehemu yenye choa, anaikausha vizuri, anapaka asubuhi na jioni, akipita kidogo nje ya ukingo. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Siku ya tano muwasho unaisha, mtu anaacha, na wiki ya tatu choa inarudi. Ukungu unabaki ndani ya ngozi hata alama ikififia, kwa hiyo dawa inaendelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Nguo za ndani na taulo zinafuliwa na kuanikwa juani. Kwa mchimbaji anayerudi shimoni kila siku, kubadili nguo yenye maji ni nusu ya dawa.

Haipakwi machoni, kwenye kidonda kilicho wazi, wala kwa mtoto mchanga.

Wale anaowarudisha

Orodha ya wanaorudishwa ni ndefu kuliko ya magonjwa anayotibu, na Koko anaikariri bila kusoma.

Wa kwanza ni mwenye vipele pamoja na homa, kuvimba tezi za shingo au za kinena, au vipele kwenye viganja, nyayo na sehemu za siri. Huyo anaweza kuwa na Mpox. Anaelekezwa hospitali, na anaombwa asimguse mtu njiani.

Wa pili ni mwenye baka lililopauka au jekundu ambalo haliwashi. Koko anachukua uzi wa pamba, anamwomba mtu afumbe macho, anamgusa polepole kwenye baka. Asiposikia kitu, hiyo si choa. Inaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo Kongo. Dawa zake zinatolewa bure na OMS tangu mwaka 1995, na anayeanza mapema anapona kabla vidole na macho havijaharibika. Kila mwezi anaopoteza kwa pomadi ni mwezi ambao mishipa ya fahamu inaendelea kufa.

Wa tatu ni mtoto mwenye mapunye kichwani, nywele zikikatika. Ukungu huo umeingia kwenye mizizi ya nywele, na pomadi haifiki huko. Anahitaji vidonge kutoka kituo cha afya.

Wa nne ni mwenye upele unaowasha usiku, katikati ya vidole, na nyumbani kwake wengine nao wanajikuna. Huyo ana kidudu kinachochimba ngozi. OMS iliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Kituo cha afya kinatoa dawa ya benzoati ya benzili, na nyumba nzima inapakwa siku moja, mashuka na nguo vikifuliwa kwa maji moto. Kumtibu mmoja na kuwaacha watano ni kuzunguka bure.

Mwenye muwasho wa mwili mzima usio na alama, hasa anayeishi karibu na mito yenye maji ya kasi, naye anaelekezwa kwa muuguzi. Ugonjwa wa upofu wa mto, onkoserkosi, unaanza mara nyingi kwa kujikuna.

Pomadi inayoponya haraka mno

Sokoni kuna pomadi nyingine zinazouzwa kama dawa za majani tu, na zinatuliza muwasho kwa usiku mmoja. Ndizo zinazomtia Koko wasiwasi. Kuna watengenezaji wanaochanganya ndani yake krimu za kotizoni kama betametazoni au klobetazoli, zile zile ambazo wengine wanatumia kung'arisha ngozi.

Kotizoni inazima muwasho na wekundu, lakini haiui ukungu. Inaushusha ulinzi wa ngozi, na choa inapanuka kimya kimya, ikipoteza ule mviringo unaomsaidia muuguzi kuitambua. Mgonjwa akiacha kupaka, inalipuka. Anarudi kununua tena, akiamini dawa ni nzuri. Ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na mtoto aliyepakwa kwa muda mrefu anaweza kudhurika mwili mzima.

Kwa hiyo mteja anayemlaumu Koko kwamba dawa yake inachukua wiki tatu anajibiwa kwamba choa yenyewe inataka wiki tatu. Anayetaka ya usiku mmoja anaachwa aende.

Mama aliyerudi

Yule mama kijana aliyekasirika hakwenda hospitali siku ile. Alinunua pomadi nyingine sokoni. Siku ya tatu, mtoto wake mkubwa naye alitoka vipele, ndipo akawachukua wote wawili kwenda hospitali kuu. Walitunzwa katika sehemu ya Mpox, na wote wawili walipona, ingawa mdogo amebaki na alama shavuni.

Wiki kadhaa baadaye alirudi kwa Koko. Safari hii alikuwa na mume wake, mchimbaji, mwenye choa ya kiunoni: mviringo, magamba, muwasho, hakuna homa, na alisikia uzi wa pamba ulipomgusa. Koko alimtazama viganja, kisha nyayo, kama anavyofanya kwa kila mtu, akafungua sanduku na kumpa kichupa kimoja na kijiti.

Mume aliomba cha pili kwa ajili ya rafiki yake wa shimoni. Koko alikataa. Rafiki aje mwenyewe, alisema, nimwone ngozi yake.